UKATIBU MKUU HUKO URUSI: KAZI YA KARANI ILIYOGEUKA ENZI

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama katika masomo ya jioni ya tawi)



Kamati ya tawi ilinitaka niseme juu ya vyama na viongozi wao. Nimechagua habari ya cheo kimoja tu katika nchi moja: cheo cha Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti huko Urusi, tangu kilipoanzishwa mwaka 1922 mpaka kilipokwisha mwaka 1991. Sikuja hapa kuwafanya ninyi Makomunisti, wala sikuja kuwatukana Makomunisti. Nataka tutazame jinsi kazi ya kuandika barua na kupanga majina, kazi ambayo wakubwa wa chama kile waliiona ni ya kuchosha, ilivyopata nguvu kuliko kazi nyingine yoyote katika nchi ile kubwa. Sisi wenye makatibu wa matawi, na madaftari, na ajenda, habari hii yatuhusu.

Kwanza yafaa mjue ya kuwa Lenin, aliyewaongoza Makomunisti kushika serikali mwaka 1917, hakuwa Katibu Mkuu wala Mwenyekiti wa chama chake. Alikuwa mkuu wa baraza la mawaziri, na katika chama alikuwa mjumbe wa Halmashauri Kuu kama wenzake. Watu walimfuata kwa sababu ya kazi yake ya tangu zamani na maneno yake, si kwa cheo. Basi nani alishika madaftari? Mwanzoni alikuwa Yakov Sverdlov, pamoja na bibi mmoja aitwaye Elena Stasova. Sverdlov aliwajua watu wa chama mji kwa mji, nani anafaa kupelekwa wapi. Alipofariki Machi 1919, ikaonekana kazi ile haiwezi kuwekwa tena ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Mkutano Mkuu wa mwezi huo huo ukaweka vyombo vitatu chini ya Halmashauri Kuu. Cha kwanza ni Politiburo, kamati ya watu watano ya kukata mashauri makubwa. Cha pili ni kamati ya kupanga kazi za chama. Cha tatu ni ofisi ya makatibu. Kila mkubwa alikimbilia Politiburo, maana huko ndiko walikozungumza vita na amani. Ofisi ya makatibu ilikuwa ya mafaili.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu reli inaingia. Mwaka 1920 reli za Urusi zilikuwa zimeharibika vibaya kwa vita. Trotsky, mkuu wa jeshi, akapewa na reli pia. Akawatia wafanya kazi wa reli chini ya amri kama askari, na viongozi waliochaguliwa na chama chao wakaondolewa, wakawekwa wa kuteuliwa. Kisha akataka vyama vyote vya wafanya kazi vifanywe sehemu ya serikali. Mikhail Tomsky, mpiga chapa aliyekuwa kiongozi wa vyama vya wafanya kazi, alimpinga. Alexander Shlyapnikov, fundi wa chuma, akaenda mbali zaidi, akataka vyama hivyo ndivyo viendeshe viwanda. Lenin akasimama katikati, akasema hata kama serikali ni ya wafanya kazi, mfanya kazi bado anahitaji chama cha kumtetea mbele ya serikali hiyo.

Shauri likaletwa katika Mkutano Mkuu wa Machi 1921, Lenin akashinda. Mambo mawili yakafuata ambayo watu hawakuyatilia maanani sana siku ile. Makatibu watatu waliokuwa upande wa Trotsky, yaani Krestinsky, Preobrazhensky na Serebryakov, walipoteza nafasi zao. Na kwa sababu kulikuwa na maasi ya mabaharia huko Kronstadt na watu wenye hofu, mkutano ukapitisha azimio kwamba hapana kikundi chochote ndani ya chama kitakachoruhusiwa kujipanga na kuwa na msimamo wake mbali. Mwanachama aliweza kusema peke yake, lakini wawili watatu wakikaa pamoja kupanga jinsi ya kupiga kura, hilo lilikuwa kosa la kumfukuzisha mtu.

Tarehe 3 Aprili 1922, Joseph Stalin akachaguliwa Katibu Mkuu, na Molotov na Kuibyshev wakawa makatibu chini yake. Hapakuwa na shangwe. Wenzake walijua kusema na kuandika vitabu, naye alikuwa mtu wa kukaa ofisini. Wakaona inafaa.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Ofisi ya makatibu ndiyo iliyotayarisha karatasi za vikao. Ndiyo iliyoweka orodha ya vyeo vyote ambavyo mtu hawezi kupewa bila kibali cha chama, na orodha ya watu wanaofaa kupewa. Kwa maelfu walipelekwa huku na huku: huyu awe katibu wa jimbo lile, yule ahamishwe mbali kwa sababu ana maneno mengi. Basi katibu wa jimbo aliyeteuliwa na ofisi kuu ndiye aliyesimamia uchaguzi wa wajumbe wa jimbo lake. Wajumbe hao walikwenda Moscow, wakachagua Halmashauri Kuu. Halmashauri Kuu ikamchagua Katibu Mkuu. Ukilifuata duara hili kwa kidole utaona kidole kimerudi kilipoanzia.

Wenzangu wa yadi wanajua. Dereva ndiye anayeonekana, na watoto wanampungia mkono. Lakini yule anayevuta mkono wa chuma kugeuza njia, ambaye hapana mtoto anayemjua jina, ndiye anayeamua kama mabehewa yatakwenda njia kuu au yatakwenda kusimama katika majani. Na katika shule ya misheni niliyosoma, kiranja mwenye daftari la majina tulimwogopa kuliko mwalimu.

Mei 1922 Lenin akapata kiharusi. Kitandani aliona jambo ambalo wazima hawakuliona. Desemba alitoa barua kwa mdomo, ikaandikwa na makarani wake, akasema Stalin amekusanya mamlaka makubwa mno mikononi mwake, naye hana hakika kama ataweza kuyatumia kwa uangalifu. Tarehe 4 Januari 1923 akaongeza kwamba mtu huyu ni mkali mno kwa wenzake, na watafute njia ya kumwondoa katika cheo hicho. Lenin akafariki Januari 1924. Mkewe, Krupskaya, akaitoa barua. Mkutano Mkuu wa Mei 1924 haukusomewa barua hiyo ukumbini. Ilisomwa kwa wajumbe wa kila jimbo mbali mbali, na haikuchapishwa. Zinoviev na Kamenev, waliomwogopa Trotsky zaidi, wakamtetea Stalin. Stalin akasema yuko tayari kujiuzulu. Wakamwambia abaki. Mwaka huo huo wanachama wapya zaidi ya laki mbili wakaingizwa, na daftari lao lilikuwa mikononi mwa ofisi ile ile.

Trotsky akafukuzwa chamani Novemba 1927, akatolewa nchini mwaka 1929, akauawa Mexico mwaka 1940. Zinoviev na Kamenev walipigwa risasi Agosti 1936. Wale makatibu watatu wa zamani niliowataja, wote watatu waliuawa mwaka 1937 na 1938. Shlyapnikov naye 1937. Bibi Stasova alisalimika, akaishi hata mwaka 1966.

Lakini mtu ninayetaka mumkumbuke ni Tomsky, kwa sababu ni mtu wetu. Miaka ile ya katikati alimwunga mkono Katibu Mkuu dhidi ya Trotsky, na mimi simlaumu. Alikumbuka habari ya reli ya 1920. Mwaka 1928 Stalin alitaka viwanda viende mbio kwa nguvu, naye Tomsky akasema mfanya kazi ataumia. Ndipo mtu wa Stalin, Lazar Kaganovich, akaingizwa katika uongozi wa vyama vya wafanya kazi ili amwangalie. Tomsky akakasirika akataka kujiuzulu, na mwaka 1929 akaondolewa. Alipotaka kutetea shauri lake, alikuta hawezi kukusanya wenzake, maana hicho kingeitwa kikundi. Agosti 1936 jina lake likatajwa katika kesi ya Zinoviev, naye akajipiga risasi. Kaganovich mwaka 1935 alikuwa amefanywa waziri wa reli.

Ikawaje kwa mfanya kazi wa kawaida? Mkutano Mkuu wa vyama vya wafanya kazi ulifanyika mwaka 1932, na uliofuata ni wa 1949. Miaka kumi na saba! Katikati ya miaka hiyo, Juni 1940, ikatoka sheria kwamba mtu haruhusiwi kuacha kazi bila kibali, na akiacha aende jela. Aliyechelewa zaidi ya dakika ishirini alihesabiwa kama hakuja kabisa, akashtakiwa, akakatwa hata robo ya mshahara kwa muda wa miezi sita. Na walioomba sheria hiyo itolewe, mbele ya watu, walikuwa uongozi mkuu wa vyama vya wafanya kazi. Narudia ili wa nyuma wasikie: viongozi wa wafanya kazi ndio walioiomba. Haikufutwa mpaka 1956.

Chama chenyewe nacho hakikupona. Siku za kwanza Mkutano Mkuu ulikaa kila mwaka, hata wakati wa vita na njaa. Baadaye ukakaa 1930, kisha 1934, kisha 1939, kisha 1952. Katika wajumbe 1,966 wa mwaka 1934, waliokamatwa baadaye walikuwa 1,108. Hesabu hii haikutolewa na maadui. Ilitolewa na Khrushchev, kiongozi wa chama hicho hicho, mwaka 1956.

Stalin alifariki tarehe 5 Machi 1953. Malenkov akapewa serikali, akadhani amepata kubwa. Khrushchev, aliyekuwa zamani fundi katika machimbo ya makaa, akabaki na ofisi ya makatibu, na Septemba akaitwa Katibu wa Kwanza. Mnajua sasa nani alishinda. Mwaka 1957 wakubwa wengi wa kamati ya juu walitaka kumwondoa, naye akadai Halmashauri Kuu nzima iitwe. Wajumbe wakaletwa kwa ndege za jeshi, na wengi wao walikuwa makatibu aliowaweka yeye. Akasalimika. Lakini Oktoba 1964 makatibu wale wale walichoka naye, wakamstaafisha, akarudi nyumbani akiwa hai. Hayo yalikuwa maendeleo.

Brezhnev alirudisha jina la Katibu Mkuu mwaka 1966, akakaa humo mpaka kifo chake Novemba 1982. Andropov akafa Februari 1984, Chernenko akafa Machi 1985. Hapakuwa na kanuni ya kumwondoa mzee isipokuwa jeneza au njama. Gorbachev, aliyefuata, alianza kuruhusu uchaguzi wenye watu zaidi ya mmoja, na mwaka 1990 sheria ya kukipa chama kile peke yake haki ya kuongoza ikafutwa. Alijiuzulu ukatibu mkuu tarehe 24 Agosti 1991, na Desemba nchi yenyewe ikavunjika.

Mtauliza habari za Uchina. Huko mkubwa aliitwa Mwenyekiti, naye ni Mao, mpaka alipofariki mwaka 1976. Mwaka 1982 cheo cha Mwenyekiti wa chama kikafutwa, Katibu Mkuu akawa ndiye wa juu. Xi Jinping alichaguliwa Katibu Mkuu Novemba 2012, na Oktoba 2022 akapewa kipindi cha tatu. Urais wa nchi ulikuwa na mpaka wa vipindi viwili, ukaondolewa Machi 2018 kwa kura 2,958, wawili wakakataa. Ukatibu mkuu wa chama haukuhitaji kuondolewa mpaka, kwa kuwa haukuwahi kuandikiwa.

Nimesema, Bwana Mwenyekiti. Wenye maswali wapewe nafasi, na naomba tuanze na wale wanaoingia zamu ya saa nne.