Shanga za kioo: tuanze na nini, na kese yetu tuilinde namna gani

Maneno ya mafunzo yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Butembo na wa Beni



Katika mikutano ya mwisho ulizo moja lilirudi mara nyingi. Wanachama wengine waliona katika telefone mutu amekaa mbele ya moto mudogo, anazungusha kijiti, na kwenye kijiti kunatokea shanga ya kioo yenye kungaa kama bombo. Wakauliza: chama hakiwezi kutoa feza katika kese, kikanunua vyombo vile, wamama na vijana wakapata kazi? Sisi wenye kutembea na ninyi katika mitaa tulipewa mugambo wa kuchunguza. Leo tunaleta jibu, na tunalitoa mapema ili musingoje: kazi hii inawezekana hapa kwetu, lakini si kwa kuanza na vyombo vya bei, na si kwa kufungua kese yote. Sasa tueleze sababu.

Kwanza, kwa nini hata tunaongea juu ya shanga? Kwa sababu wengi wetu tuko na mashamba ambayo hatufiki kila siku. Tangu mauaji yalipoanza upande wa Beni katika mwezi wa 10 mwaka wa 2014, mutu wa Mbau, wa Oicha ao wa Eringeti anajua kwamba kurudi nyumbani si sawa na kurudi shambani. Unarudi, unajenga, kisha siku ingine njia inafungwa na kakao inabaki juu ya muti. Shamba likibaki nyuma, na mavuno yanabaki nyuma. Ufundi ulio katika mikono, ukikimbia unakimbia nao, na pale unapofika unaweza kuanza tena. Hiyo njo sababu tuliona ulizo lile si la muchezo.

Kazi muliyoiona inaitwa kazi ya taa. Jina linatoka zamani: huko Venise, katika inchi ya Italia, fundi alikaa kwenye meza mbele ya taa ya mafuta, na kwa muguu akakanyaga mivukuto ili hewa ipulize ule moto uwe mukali. Wanawake wengi walifanya kazi ile. Leo taa imebadilishwa na bomba la moto wa gazi, lile wachomeleaji wa vyuma wanaita chalumo. Katika mwaka wa 2020, UNESCO iliandika ufundi wa shanga za kioo wa Italia na wa Ufaransa katika urizi wa dunia wa mambo ya desturi. Hata babu zetu walizijua shanga zile bila kujua zinatoka wapi. Katika miaka ya 1800 zilipita Unguja, zikapanda na misafara mpaka Ujiji na Maniema, zikabadilishwa na pembe za tembo. Zilikuwa na majina ya Kiswahili. Zile nyekundu ziliitwa sami-sami. Kwa hiyo shanga ilikuwa feza. Wao waliitengeneza, sisi tulitoa pembe.

Sasa namna inavyofanyika. Fundi anachukua chuma chembamba kilichonyooka, hata kile cha gurudumu la velo, anakipaka udongo mweupe mulaini, anauacha ukauke. Udongo ule unazuia kioo kisishikamane na chuma. Kisha anapasha kijiti cha kioo polepole pembeni mwa moto, kwa sababu kikiingia katikati ghafula kinapasuka na kurusha vipande. Kikilainika kama asali nzito, anakizungushia juu ya chuma huku anakigeuza bila kusimama. Akisimama kidogo tu, kioo kinaanguka upande moja na shanga inakuwa na kiuno. Ikipoa, chuma kinachomolewa, na pale kilipokuwa panabaki tundu.

Mambo matatu njo yanaamua kama kazi itafaulu.

La kwanza ni moto. Kioo cha chupa kinaanza kulainika karibu na digri 700, na fundi anahitaji kupita pale. Makala ya kupikia bila kupulizwa hayatoshi. Makala yenye kupulizwa na mivukuto yanatosha: fundi anayefua majembe anapata moto kupita ule kila siku.

La pili, kioo kiwe cha aina moja. Kila kioo kinavimba katika moto na kusinyaa kikipoa, lakini si vyote vinasinyaa kipimo kimoja. Ukichanganya chupa ya kijani ya kampuni moja na chupa nyeupe ya kampuni ingine, shanga inaweza kuwa nzuri jioni na asubui iko vipande mbili. Shanga moja, chupa moja. Kama tunataka rangi mbili, tunajaribu kwanza na chache.

La tatu, na hapa njo watu wengi wanapoteza kazi yao: kupoa. Shanga ikitoka katika moto, inje inapoa mbele ya ndani. Ndani ikisinyaa baadaye, inavutana na inje, na ule muvutano unabaki umefungiwa mule. Huuoni. Shanga inaweza kukaa siku tatu, mteja ameilipa, ameivaa, kisha inapasuka shingoni mwake. Mafundi wenye tanuru wanaiweka kwanza karibu na digri 500 na kitu, kisha wanashusha moto polepole. Sisi bila tanuru, tunazika shanga katika kopo kubwa la majivu makavu yenye moto, karibu na jiko, mpaka kesho yake. Kwa shanga ndogo inasaidia sana, kwa shanga kubwa haitoshi. Kwa hiyo tunaomba iwe sheria: hakuna shanga inayouzwa mbele ya siku saba. Ikipasuka, ipasuke kwetu.

Tuingie sasa kwenye feza. Chalumo, chupa ya gazi, miwani ya kulinda macho, mutu moja tu anatumia kwa wakati moja. Gazi inaisha, na barabara ikifungwa bei inapanda. Ikiwa chama kina watu makumi na bomba moja, tutaanza kugombana kwa zamu mbele hatujauza kitu. Tena mwanafunzi wa kwanza anaharibu nyingi. Ni kawaida, lakini kila shanga inayoharibika imekula gazi ya wote.

Kuna njia ingine. Wakrobo, watu wa Ghana, wanatengeneza shanga za kioo bila chalumo. Wanatwanga chupa katika kinu cha chuma, wanachunga unga wake, wanaumimina katika kalibu ya udongo wa mufinyanzi yenye vishimo, iliyopakwa udongo mweupe. Katikati ya kila kishimo wanasimamisha kijiti cha jani la muhogo. Ndiyo, kile kijiti kinachoshika jani la sombe, chenye sisi tunatupa. Kalibu inaingia katika tanuru ya udongo, kioo kinashikamana, kijiti kinaungua, na tundu linabaki. Kwa shanga zenye kupenya mwangaza, wanatumia vipande badala ya unga, na wanatoboa tundu kwa chuma chenye ncha wakati kioo kingali laini. Mwisho wanasugua shanga juu ya jiwe kwa maji na muchanga. Huko Bida, katika Nigeria, mafundi wanakaa kuzunguka tanuru moja, mwenzao anavuta mivukuto, na kila moja anazungushia kioo cha chupa juu ya fimbo yake ya chuma. Tanuru moja, watu wengi. Hiyo inafanana na sisi kuliko bomba moja la mutu moja.

Tuangalie tuliyo nayo. Udongo wa kufinyanga, wamama wazee wanaujua. Mivukuto iko kwa wafua vyuma. Sombe iko kila lupango. Kioo je? Hapa tusidanganyane. Chupa nzima ya bia ao ya sukari iko na bei, depo inaipokea. Hatutavunja chupa nzima. Tutaokota zile zilizovunjika kwenye nganda na kwenye depo, pamoja na chupa za mvinyo na za dawa ya kikohozi ambazo hazirudishwi. Tusiguse ampule ndefu za mwangaza, kwa sababu zina zebaki, wala vioo vya televizio za zamani, kwa sababu vina risasi. Hivyo ni sumu.

Na afya. Kioo kinatwangwa kikiwa na maji kidogo, mutu amefunga maski na amevaa miwani. Watoto wakae mbali. Moto wa makala hauwashwi ndani ya nyumba iliyofungwa hata kama mvua inanyesha, kwa sababu moshi usioonekana unaua watu wakiwa wamelala. Mama mwenye muimba asikae kwenye tanuru.

Tukishatengeneza, nani atanunua? Wengine wanasema: Wazungu. Pengine. Huko Arusha, karakana ya Shanga inatumia chupa zilizotupwa, na wafanyakazi wake wengi ni watu wenye ulemavu. Kitengela, karibu na Nairobi, wanatengeneza vioo na shanga kwa vioo vya zamani. Lakini kule watalii wanafika mulangoni. Kwetu hawafiki. Huko Kireka, katika muji wa Kampala, wamama Waacholi waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda walitengeneza shanga za karatasi, na kuanzia mwaka wa 2004 shirika BeadforLife likaziuza Marekani. Walisaidika, lakini tuone vizuri: kulikuwa mutu katikati mwenye kujua wanunuzi. Sisi bado hatuna mutu yule. Kwa hiyo tuanze na mununuzi tunayemujua jina.

Na tunaye. Kati ya Butembo na Beni, kilometa 50 na kitu, parokia ni ngapi? Katika mwezi wa 5 na mwezi wa 10 watu wanatafuta rozari. Rozari moja iko na shanga 59: 53 za Salamu Maria na 6 za Baba Yetu. Tupige hesabu pamoja. Mutu akipata shanga 20 nzuri kwa siku, rozari yote ya kioo inamukula siku tatu, na rozari ya plastike kutoka China iko sokoni kwa bei ndogo. Hatutashinda pale. Lakini zile 53 zikiwa mbegu ngumu za kuokota, na zile 6 tu za kioo chetu, kwa siku moja mutu amepata shanga kubwa za rozari tatu. Na mununuzi anashika mukononi kitu ambacho soko halina. Ndugu zetu wa makanisa mengine na Waislamu wasione tumewasahau: washonaji wanatafuta vifungo na mapambo ya nguo za ndoa, na shanga 10 zenye kufanana zinatosha nguo moja. Zifanane tu. Shanga nzuri peke yake ni zawadi. Shanga kumi zenye kufanana ni biashara.

Basi, haya njo tunayoyaleta mbele yenu, ninyi mutaamua.

Kikundi kimoja Butembo na kimoja Beni, kila kimoja watu sita, wasiwe wote vijana wala wote wazee. Myezi mitatu ya kujaribu kwa njia ya kalibu na tanuru ya udongo. Kese isitoe zaidi ya sehemu moja ya kumi, na feza ile iende kwenye kinu cha chuma, miwani, maski na makala. Akiba ya magonjwa na ya matanga isiguswe hata franga moja; mutu aliyeweka feza yake kwa ajili ya siku ya kilio hakuiweka kwa ajili ya shanga. Kila kikundi kiandike katika daftari: shanga ngapi ziliingia katika moto, ngapi zilitoka nzima, ngapi zilipasuka ndani ya siku saba, ngapi zimeuzwa na kwa nani. Daftari lisomwe mbele ya wote, hata likiwa baya. Kama baya, tunaacha, na tumepoteza kidogo. Kama nzuri, wakati ule tutaongea juu ya chalumo, na tutakuwa tayari na mikono inayojua kioo.

Neno la mwisho kwa wamama waliotuuliza: «Je, shanga zitatulisha?» Mwaka wa kwanza, hapana. Shikeni shamba, shikeni biashara ndogo ya mafuta na ya unga. Shanga ni kazi ya siku ile njia ya shamba imefungwa, ili siku ile isipite mutu amekaa na mikono mitupu akihesabu milio ya bunduki. Ikileta chumvi na sabuni mwaka wa kwanza, na daftari za shule mwaka wa pili, itakuwa imelipa deni lake.

Tunangoja maulizo yenu, na kwanza ya wale wasiokubaliana nasi.