Mtoro wa Dawa Aulizwe Kwanza



Neno "mtoro" hakuna asiyelijua hapa. Mwalimu huliandika katika daftari la mahudhurio. Katika zahanati nako limetumika miaka mingi kwa mgonjwa wa kifua kikuu aliyekatiza dawa miezi miwili mfululizo au zaidi. Ni neno la hukumu, nalo huandikwa kabla ya mshtakiwa kuulizwa lolote.

Katika vita dhidi ya maradhi haya Tanzania ina sifa yake. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na kazi iliyofanyika humo pamoja na Dkt. Karel Styblo ilikuja kuwa kielelezo kwa Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990. Mgonjwa alitakiwa ameze dawa mbele ya mhudumu. Utaratibu huo uliokoa wengi. Hata hivyo mzigo wake ulibebwa na miguu ya mgonjwa. Vijiji vya Manyoni na Mkalama vimetawanyika. Mtu anayetoka alfajiri kwenda zahanati na kurejea jua likiwa limepinda, tena kila siku, mtama wake utapaliliwa na nani?

Jambo hilo mke wa mgonjwa analijua kuliko mtaalamu yeyote. Anajua pia kwamba kikohozi kikikoma baada ya wiki chache mumewe hujiona amepona, ilhali vimelea bado vimo na matibabu ya kawaida ni ya miezi sita. Anajua kwamba nafuu ikija hamu ya kula hurudi kwa nguvu. Na ikirudi wakati wa masika, ghala likiwa tupu na mavuno yakiwa bado shambani, vidonge huwa adha. Mgonjwa anayelalamika kwamba dawa ni kali pengine anasema kwa heshima kwamba hajala. Tena kuna mkojo kugeuka mwekundu kwa sababu ya rifampisini. Haudhuru, lakini asiyeonywa hudhani anakojoa damu, akaacha dawa siku hiyo hiyo. Mama aliyekwisha kuuguza humwonya jirani yake mapema. Mchungaji anayefuata malisho na mchimbaji wa dhahabu anayehama shimo hadi shimo nao wana yao ya kueleza.

Kuanzia mwaka 2006 Tanzania ilianza kumpa mgonjwa hiari: ameze dawa kituoni, au nyumbani chini ya msimamizi aliyemchagua mwenyewe. Msimamizi huyo aweza kuwa mke, mama, ndugu au jirani. Hatua hii ilikuwa kubwa, maana ilikiri kwamba jikoni nako kuna elimu ya tiba. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaliacha neno la utoro katika taarifa zake, likasema "aliyepotea katika ufuatiliaji". Ni maneno marefu, na muuguzi mwenye foleni mlangoni hatayapenda. Lakini yanageuza swali, kwa kuwa mwenye kufuatilia naye sasa anatakiwa kujieleza.

Kasoro iliyobaki ni kwamba msimamizi hupewa vidonge na maagizo, naye haulizwi aliyoyaona. Kadi ya matibabu ina nafasi ya alama ya kila siku dawa iliyomezwa. Sababu ya siku isiyo na alama hubaki kichwani mwa mama aliyemshika mgonjwa mkono. Dakika tano za kumsikiliza, na mistari miwili ya maandishi, zingemfaa mgonjwa atakayefuata.

Walimu wasidhani hili ni la waganga peke yao. Baba akilala kitandani na mama akiwa shambani, mara nyingi anayempelekea maji ya kumezea dawa ni mtoto wa darasa la nne au la tano. Asubuhi hiyo shuleni haonekani, na jina lake linawekewa alama ya utoro. Huenda zahanati nayo imeweka alama hiyo hiyo mbele ya jina la baba yake. Mwalimu ana daftari lake, muuguzi ana lake, na mlango wa ofisi moja pengine hauko mbali na wa nyingine.