Njoo-Tukae na Pesa za Serikali



Kuna swali moja ambalo haliulizwi mkutanoni. Huulizwa baadaye, mtu akituvuta kando: "Mimi na huyu mzee tumekaa miaka ishirini, hatujaandikisha ndoa. Pesa za serikali nitapata?" Leo tuliseme mbele ya wote.

Inategemea ni pesa gani. Tuanze na Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa wazee kinachotazamwa ni umri wa miaka 70, si cheti cha ndoa. Bwana na bibi, kila mmoja akifika umri huo, huandikishwa kwa jina lake. Kwa hivyo mama akiambiwa, "Wewe kaa, mume wako tayari anapata," asikubali. Kwa watoto mayatima huangaliwa hali ya nyumba na mtu anayewalea. Nyanya anaweza kuwa mlezi, hata shangazi. Ndoa haiulizwi hapo.

Taabu iko kwingine. Bwana alikuwa mwalimu, au askari, au alifanya kazi mjini na akawa anakatwa NSSF. Siku akifa, ofisi inauliza: mke ni nani? Tena mara nyingi ndugu za marehemu wamefika kwa chifu kabla ya mama kumaliza matanga, na ile barua ya chifu ya kutaja warithi inaandikwa bila jina lake. Tumeyaona haya zaidi ya mara moja, na yanauma.

Hapo ndipo watu husema, "Lakini ukikaa na mtu miezi sita wewe ni mke." Wengine husema miaka miwili. Sivyo! Hakuna sheria ya Kenya inayotaja hesabu hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Njoo-tukae haimo.

Korti inaweza kuchukulia kwamba ndoa ipo, lakini siku hizi mlango huo ni mwembamba. Tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu ilieleza masharti: muwe mmeishi pamoja muda mrefu, muwe huru kuoana, wote wawili muwe mlikusudia na kukubali, na mbele ya watu muwe mlijionyesha kama mume na mke. Anayedai ndiye wa kuleta ushahidi. Kesi yenyewe ilihusu wawili waliokaa pamoja tangu 1986. Korti ilisema hiyo haikuwa ndoa, kwa sababu mama alikuwa bado ameolewa na mtu mwingine kimila. Nyumba iligawanywa kwa kutazama mchango wa kila mmoja: mama asilimia 70, bwana asilimia 30.

Sasa mtafanya nini? Kama mila zilifanywa, andikisheni ndoa ya kimila kwa msajili wa ndoa. Na msiseme mahari haijaisha. Sheria inasema kiasi kidogo tu cha kuonyesha nia kinatosha, na sisi tunaona hapo sheria imewahurumia wengi. Kama mila hazijafanywa, ndoa ya serikali ipo, na ya dini ipo.

Wakati mnangoja, wekeni karatasi pamoja: vyeti vya watoto vyenye majina ya wazazi wote wawili, picha za siku mlipopeleka mahari, kitabu cha kikundi ambapo mama ameandikwa kwa jina la bwana. Hata karatasi ya ratiba ya mazishi ya baba mkwe, iliyomtaja kama mke wa mwana, imewahi kuwasaidia watu kortini.

Kwa ndoa ya kimila, wote wawili hufika mbele ya msajili, wakiwa na sahihi za mashahidi wawili watu wazima walioshika nafasi kubwa katika sherehe ile. Basi, kama mjomba aliyepokea mbuzi amezeeka, msingoje mavuno. Mchukueni mwezi huu.