Ncha Zisiliwe: Rekebisha Meza za Randa Kuukuu
Hotuba ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa mafundi seremala wa jua kali



Mimi si fundi. Kazi yangu ni kalamu na kamera. Lakini siku moja nilipokwenda kupiga picha katika karakana, niliona rundo la vipande vya mbao pembeni. Nikadhani ni kuni. Fundi akanijibu, "Hizo ni ncha. Mashine huzila, kwa hivyo tunakata sentimita 10 kila upande."

Hebu tupige hesabu. Ubao wa mita 2 ukikatwa hivyo, sehemu moja ya kumi imepotea. Katika kila mbao kumi ulizolipia, mmoja umekwenda jikoni. Na tunakumbuka bei ilivyopanda baada ya Serikali kusitisha ukataji miti katika misitu ya umma mwaka 2018.

Wengi hulaumu visu. Mara nyingi kosa liko kwenye meza mbili za kubebea ubao, ya kuingizia na ya kutokea. Mashine iliyotumika kwa miaka mingi huwa meza zake zimelegea na kuinama. Ubao unapoanza kuingia, au unapomalizikia, roli moja tu ndiyo inaushika. Upande ulio nje ukiinama, upande wa ndani huinuka na kugusa visu zaidi. Hapo ndipo ncha huliwa.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kwanza, zimeni mashine na mchomoe plagi. Ondoeni kutu, kisha pangusweni meza mpaka ziwe kavu. Sugueni nta ya mshumaa na kung'arisha kwa kitambaa ili ubao uteleze. Msipake oili, itachafua mbao.

Pili, chukueni rula ndefu ya chuma iliyonyooka, muilaze kutoka meza moja hadi nyingine. Rekebisheni bolti mpaka ncha za nje za meza ziinuke kidogo, na katikati, juu ya kitanda cha mashine, pabaki nafasi ya kupitisha kadi ya benki. Unene wake haufiki milimita 1. Kazeni nati, kisha pimeni tena.

Tatu, jaribuni kwa ubao usio na thamani. Kama ncha bado zinaliwa, kagueni roli ndogo za chini. Huenda zimeinuka kupita kiasi.

Kwa mbao ndefu, tengenezeni stendi imara. Lakini kama mashine yako ni ile ambayo kitanda ndicho kinachopanda na kushuka, kumbuka kupima stendi upya kila unapobadilisha unene.

Ndugu zangu, kuna jambo zito kuliko mbao. Meza ikiinama, kijana msaidizi huinua ubao kwa mikono, na vidole vyake hubanwa kati ya ubao na meza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine ziwekewe kinga. Msiondoe kinga hizo, wala mtu asisimame nyuma ya ubao unaoingia.

Ubao hununuliwa tena. Kidole hakinunuliwi.