Daktari na Kijana Aliyenaswa na Ulevi

Leo twataka kusema nanyi habari ya vijana wetu wanaonaswa na pombe, bangi au unga, na jinsi daktari awezavyo kuwasaidia.

Wengi wetu hudhani kwamba ulevi ni utovu wa adabu tu, na dawa yake ni fimbo. Lakini mara nyingi kijana huvuta bangi ili apate usingizi, au hunywa pombe ili asahau huzuni. Na ulevi wenyewe huizidisha huzuni hiyo. Shirika la Afya Ulimwenguni laeleza kwamba nusu ya maradhi ya akili ya watu wazima huanza kabla ya kutimiza miaka 18, na mengi hayatambuliwi. Basi daktari asitibu moja akaliacha la pili.

Kwanza, akiisha kumsikiliza mzazi, na amwombe akae nje kidogo, aseme na kijana peke yake. Amweleze kwamba siri yake ni amana, isipokuwa pakiwapo hatari ya uhai. Kisha amwulize kwa upole: Walalaje usiku? Watumia nini, nacho chakusaidia nini? Tena asiogope kumwuliza kama amepata kufikiri kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo, bali humpa nafasi ya kutua mzigo. Kijana aliyekemewa harudi tena.

Kwa walionaswa na unga, iko dawa iitwayo methadoni. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Hutuliza arosto na ile tamaa, akapata kurudia kazi na jamaa zake. Si dawa ya siku mbili tatu. Wengine huihitaji kwa miaka. Naye aliyezoea pombe nyingi asiiache ghafula pasipo daktari, maana aweza kushikwa na mtukutiko kama wa kifafa, hata kufa.

Enyi wazazi, msimfungie kijana chumbani kwa kuona haya. Mpelekeni mapema, na daktari akiwaomba mtoke nje, tokeni bila kinyongo. Wazee wetu walinena: mficha maradhi kifo humwumbua.