Harufu ya Asali Haiondoi Sumu



Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Tabora. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuta huko pombe ya mtama, na asali iliyorinwa katika misitu ya miombo. Asali hiyo ikichanganywa na maji na kuachwa ichachuke, huwa wanzuki. Vileo hivyo vilinywewa arusini na baada ya kazi za ushirika mashambani, na mnywaji alimjua mpishi wake.

Gongo ni jambo jingine. Pombe iliyochachuka huchemshwa katika pipa lililofunikwa. Mvuke wake hupita katika bomba lililopozwa kwa maji, ukadondoka kuwa kileo kikali. Wako wanaotia humo asali, tangawizi au maganda ya machungwa ili kukipa harufu na ladha njema. Kutia ladha si kosa; viwanda vya dunia nzima hufanya hivyo. Kosa ni kudhani kwamba ladha husafisha. Kinyume chake, utamu huficha ukali, na kijana hunywa asichojua kipimo chake.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni methanoli, spiriti ya viwandani, ambayo wauzaji wasio na huruma huichanganya katika kileo. Ulimi hauitambui wala pua haiigundui. Kiasi kidogo hupofusha macho, kikizidi, huua. Mwaka 2010, huko Kabale nchini Uganda, watu wasiopungua 80 walikufa kwa waragi iliyochanganywa na sumu hiyo.

Sheria haikukosekana. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia biashara ya vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika. Tanzania ilitunga Sheria ya Moshi mwaka 1966, inayomtaka mtengenezaji awe na leseni. Uganda nayo, kwa sheria ya 1965, ilitaka wapishi wa enguli wakiuzie kiwanda, nacho kiisafishe upya. Hata hivyo, katika nchi zote mbili mapipa ya vichakani hayakuzimika.

Sababu yake yafaa itazamwe bila unafiki. Mpishi wa gongo mara nyingi ni mama anayetafuta sare na daftari za watoto. Pipa likivunjwa leo, kesho hutafuta jingine, maana njaa haikuvunjwa pamoja na pipa.

Kwa hiyo, msako peke yake hautoshi. Hapana budi mama huyo aonyeshwe njia nyingine ya kipato, na Tabora njia hiyo ipo. Ushirika wa wafuga nyuki wa Tabora ulianzishwa mwaka 1962. Asali iliyorinwa vizuri, ikachujwa na kuuzwa kwa pamoja, humpa mwenyewe fedha asiyoificha, wala haimpofushi jirani.

Asali ya Tabora ilistahili sifa kabla ya reli kufika mwaka 1912. Isigeuzwe sasa kuwa pazia la sumu.