Tusiikate Miembe, Tuikinge



Nimeombwa niseme machache juu ya miti ya shule. Nitasema juu ya miembe peke yake, kwa sababu asubuhi hii limetolewa pendekezo kwamba ile ya nyuma ya jiko ikatwe. Hoja iliyotolewa ni kwamba maua yake hupukutika, na maembe machache yanayobaki yana funza. Hoja hiyo ni ya kweli. Ninalolipinga ni shoka.

Katika nchi za baridi watunza bustani huanza kuikinga miti theluji inapoyeyuka na machipukizi kutokeza. Huku kwetu pwani mwembe huchanua wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Septemba. Huo ndio wakati wa kuulinda. Anayengoja mpaka Desemba alione embe limeoza amekwisha kupoteza msimu.

Adui wa kwanza ni ubwiriunga. Huu ni ukungu unaokaa juu ya maua kama unga mweupe, yakakauka na kuanguka kabla ya kushika tunda. Ndugu yake anayeshambulia mikorosho ametufunza mengi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 17,000. Sababu nyingine zilikuwapo, kama bei ndogo na watu kuhamia vijijini mbali na mashamba yao, lakini ubwiriunga ulikuwa miongoni mwa zile kubwa. Wakulima walijifunza kupuliza salfa, na msimu wa 2017/18 mavuno yalizidi tani 300,000. Salfa hupulizwa asubuhi na mapema, upepo ukiwa umetulia, mara vichala vya maua vinapotokeza. Kazi yake ni kukinga. Ua lililokwisha kufa halifufuki.

Adui wa pili ni chule, ugonjwa wa madoa meusi kwenye majani, maua na matunda. Huu hupenda unyevu, na maskani yake ni matawi makavu na takataka zilizo chini ya mti. Basi mara baada ya mavuno tukate matawi yaliyokufa na yaliyosongamana, ili jua na upepo vipite, na takataka zote tuziondoe na kuzichoma mbali na miti. Kazi hii haihitaji senti tano ya dawa.

Adui wa tatu ni nzi wa matunda. Aina iliyo kali zaidi imetoka Asia, nayo iligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai. Funza hula ndani, embe huanguka, funza hutoka na kujichimbia udongoni, kisha huruka akiwa nzi mpya. Kwa hiyo kila embe bovu tunaloliacha chini ni kiwanda cha nzi. Tuyaokote kila siku na kuyafukia katika shimo ambalo udongo wake wa juu hautapungua nusu mita. Mitego ya kivutio nayo husaidia, lakini mingi huwanasa madume tu. Haiwezi kuchukua nafasi ya kuokota.

Tunaye pia rafiki tusiyemthamini. Ni majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Najua wanauma, na najua vijana huchoma viota vyao kabla ya kupanda mti. Lakini majimoto huwinda wadudu waharibifu, na utafiti wa Benin uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miembe yenye majimoto wengi hupata madhara machache ya nzi wa matunda. Waacheni. Vilevile tusipulize sumu ya wadudu maua yakiwa wazi, maana tutaua nyuki na wadudu wengine wanaoyachavusha. Na dawa yoyote ishikwe na mtu mzima aliyefundishwa, wala kamwe isitiwe katika chupa ya soda.

Ndugu zangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwembe hukatwa kwa siku moja, na wa kuuziba pengo lake hutaka miaka mingi kufikia kimo kile. Napendekeza hivi: sisi wazee tununue misumeno ya kupogolea, salfa na pampu, shule imteue mwalimu mmoja wa kusimamia, na kila darasa lipewe miembe yake, liokote maembe mabovu na kuandika katika daftari idadi ya mazuri na mabovu. Tufanye hivyo kwa misimu miwili. Kisha tulete daftari hilo hapa mkutanoni, tulisome pamoja, ndipo tuzungumze habari ya shoka.